Mstari Mmoja Katika Faili

Jana jioni nilikuwa napaka viatu rangi, mjukuu wangu akauliza, "Nyanya, mbona kiatu chako cha kushoto ni kipana kama mtumbwi?" Nilimjibu kwamba mifupa ya mguu huo ilivunjika zamani. Hakuridhika, na kwa kweli hata mimi jibu hilo halikunitosha.

Daktari wa kwanza alisema ni jongo, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo, akanipa vidonge na kunikataza nyama choma. Nami nikaendelea kutembea kila asubuhi kutoka stendi ya matatu hadi kazini kwa miezi mitatu. Wa pili, kule Upper Hill, aliweka viganja vyake juu ya miguu yangu yote miwili kwa pamoja, akanyamaza, kisha akasema ni mguu wa Charcot: sukari huharibu mishipa ya fahamu, maumivu yakapotea, na mgonjwa akazidi kuikanyaga mifupa inayovunjika. Tiba yake ni kufungwa plasta ngumu na kutoukanyaga mguu huo. Wayo wangu ulikuwa umekwisha kuporomoka.

Wakili alinihimiza kutafuta nakala ya faili, haki ambayo Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinatupa, kwani madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na mmoja na nusu ulikuwa umepita. Siku ya nne ya kusubiri, karani wa rekodi alinikabidhi karatasi ambazo zilikuwa bado na joto la mashine. "Keti kwanza, Mama," alisema. Katika ukurasa wa pili, kwa mwandiko uliolala upande wa kulia, daktari yule alikuwa ameandika kwamba nina kisukari, mguu umevimba, una joto, na hauniumi. Chini yake: jongo. Jongo, ambalo humfanya mtu alie shuka tu likigusa kidole! Nilipitisha kidole changu juu ya mstari ule mara nyingi, kwa maana alikuwa ameona kila kitu, akakiandika, kisha akakipita.

Tulipatana kabla kesi haijasikilizwa katika Mahakama ya Milimani. Fedha zililipa madeni na viatu hivi vya kupimiwa. Katika kikao cha mwisho niliomba mstari ule usomwe kwa sauti, wakili wao akasema hapakuwa na haja, na mpaka leo nahisi kwamba hicho ndicho nilichokuwa nikikidai.

Nilimwita mjukuu, nikamwambia aweke kiganja kimoja kwenye kila mguu, kama ninavyofanya mwenyewe kila usiku. Alifumba macho, akakaa kimya kitambo.

"Yote ni baridi, Nyanya."