Yesu Aliyelala Shetrini

Kila Kwaresima, kuanzia Mtwara mjini hadi Ndanda na Masasi, kuna kiwanja cha kanisa kinachotundikwa shuka jeupe ili watu watazame filamu ya Yesu. Watazamaji hulia msalaba unapoinuliwa. Ila waulize kesho yake Yesu waliyemwona alikuwa mtu wa namna gani, jibu litakuwa moja: mpole. Upole huo ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya mtu tunayekutana naye kwenye Injili. Anayechagua filamu ya kuwaonyesha waumini anapaswa kujua sehemu nyingine zilipotelea wapi.

Chukua dhoruba ya Marko 4. Maandiko yanasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Mvuvi wa Mikindani haelezwi shetri ni nini. Ni nyuma ya chombo, kwenye usukani, na mtu hapati usingizi hapo mawimbi yakiingia ndani isipokuwa amechoka kupita kiasi. Marko ameshatuambia alikuwa akifundisha mchana kutwa, na kwamba wanafunzi walimchukua “vile vile alivyo”. Filamu nyingi hupita haraka hapo. Zinakimbilia mikono iliyonyooshwa, nywele zinazopeperuka na sauti inayokemea upepo. Uwezo wake tunauona, ila uchovu wake hatuuoni, na bila uchovu ule swali la wanafunzi, “si kitu kwako kuwa tunaangamia?”, halina uzito.

Jambo la kwanza la kuangalia ni Injili ambayo filamu imeifuata. Marko ndiye anayetaja hisia za Yesu waziwazi kuliko wenzake. Katika 3:5 Yesu anawakazia macho watu kwa hasira, huku akihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao. Katika 10:14 anachukizwa na wanafunzi wanaowazuia watoto. Katika 10:21 anamkazia macho yule tajiri, akampenda. Fungua Mathayo na Luka kwenye matukio hayo hayo: hasira haipo, kuchukizwa hakupo, wala “akampenda” haipo. Kwa hiyo filamu ya “Jesus” ya mwaka 1979, inayofuata Luka na ambayo imeshatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo, ilianza kazi bila maneno hayo. Tusimlaumu Brian Deacon aliyeigiza. Luka naye ana utajiri wake: huruma kwa mjane wa Naini, machozi juu ya Yerusalemu, na 10:21 ambapo Yesu anashangilia. Mstari huu wa mwisho upime hasa, kwa sababu kushangilia kunadai uso uliochangamka, na uso huo ni adimu sana kwenye filamu za Yesu.

Filamu ya Yohana ya mwaka 2003, ya takribani saa 3, inasoma Injili yake neno kwa neno. Yesu wake anaongea sana kwa sababu Yohana amempa hotuba ndefu, hasa sura ya 13 hadi 17. Usiionyeshe yote usiku mmoja. Watoto watalala na watu wazima watachoka kusikiliza.

Kisha tazama macho. Katika “Jesus of Nazareth” ya mwaka 1977, Robert Powell karibu hapepesi kope filamu nzima, tena macho yake ni ya bluu. Lilikuwa chaguo la makusudi ili aonekane hafanani na wengine, na limefanikiwa. Hasara yake ni kwamba mtu asiyepepesa kope ni vigumu kumwona akila samaki na rafiki zake. Mwaka 2004, katika “The Passion of the Christ”, macho ya Jim Caviezel yaligeuzwa kwa kompyuta yawe ya kahawia. Filamu ile inahusu saa 12 za mwisho, mateso karibu mwanzo hadi mwisho, lakini ina kipande kifupi cha Yesu seremala akitengeneza meza yenye miguu mirefu na kumtania mama yake kwa maji. Dakika zile chache zinaeleza tabia yake kuliko mijeledi yote.

Mwendo nao unasema. Waigizaji wengi wa Yesu hutembea polepole, kama wamebeba yai. Pasolini, mwongozaji wa Kitaliano, katika filamu yake ya Injili ya Mathayo ya mwaka 1964, alimchukua mwanafunzi wa Kihispania, Enrique Irazoqui, akamfanya atembee haraka na kuwasemesha wanafunzi akiwa amewageuzia kisogo. Huyo ni Yesu mwenye haraka ya kazi, mkali, mwenye moto. Kwangu ndiye aliye karibu zaidi na yule aliyepindua meza hekaluni. Anayetaka tabasamu na mikono inayokumbatia atafute filamu ya Mathayo ya mwaka 1993, aliyoigiza Bruce Marchiano.

Sasa sauti, jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Anayeingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu amefungwa na mdomo wa mwigizaji. “Umesamehewa dhambi zako” ina silabi 10. Kiingereza kinamaliza kwa 6. Msemaji akibanwa, ama anaharakisha, ama anakula ule ukimya uliokuwa kabla au baada ya sentensi. Ukimya ukiliwa, Yesu anaanza kusikika kama anayesoma tangazo. Pia kuna neno “Mama”. Kwenye harusi ya Kana, Biblia yetu inasema “Mama, tuna nini mimi nawe?”, ilhali Kigiriki kinatumia neno la kumwita mwanamke yeyote. Kwa sikio letu sentensi inapata heshima ya nyumbani, na mwigizaji aliyekunja uso hapo atagongana na sauti yake mwenyewe.

Haya yote hayana faida kama watu hawaoni uso. Shuka livutwe pembe zote 4 na katikati ya kila upande, kisha chini lifungiwe mti au bomba, maana upepo wa bahari ukilitikisa, uso unakunjamana na huwezi kujua kama ni hasira au huzuni. Anza baada ya saa moja usiku; kabla ya hapo mwangaza unaua picha zenye giza, na bustani ya Gethsemane ndiyo ya kwanza kupotea. Spika ziwekwe upande wa shuka, zisiwe nyuma ya watu, sauti itoke kinywani mwa anayesema. Jenereta ipelekwe mbali, upande ambao upepo unaelekea, vinginevyo mngurumo wake utafunika kila neno linalosemwa kwa sauti ya chini.

Tunaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu, na wengi wao hawaoni sawa nabii kuigizwa. Onyesha ndani ya uwanja wa kanisa, si sokoni. Tena inawezekana kumwonyesha Yesu bila uso wake. “Ben-Hur” ya mwaka 1959 haionyeshi uso wa Yesu hata mara moja: anampa mfungwa maji, askari anayetaka kumzuia anamtazama usoni, kisha anarudi nyuma. Tabia yote tunaisoma kwenye uso wa askari.

Kabla ya siku yenyewe, chagua vipande 3 au 4. Soma mstari, tazama bila sauti, kisha rudia na sauti. Kimoja kiwe cha binti Yairo. Muujiza ukishatendeka, waongozaji hupenda kuhamia kwenye machozi ya mama, lakini Yesu wa Marko na wa Luka anaagiza mtoto apewe chakula. Filamu uliyonayo ikiwa imekata agizo hilo, lisome wewe kwa sauti kabla jenereta haijazimwa.