lang'ata, LANGATA, Lang’ata

Ofisi ya vifurushi ninayoiandikia programu ya Python ina orodha ya vituo vya Nairobi na viunga vyake. Karani mmoja huandika RONGAI, mwenzake rongai, na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Wengi hukimbilia lower(), amri ya kugeuza herufi zote kuwa ndogo. Mimi natumia casefold(), inayofanya kazi hiyohiyo kwa kina zaidi na iliyokuja na Python 3.3: ß ya Kijerumani huigeuza kuwa ss, ilhali lower() huiacha ilivyo. Kweli, Rongai haina ß, lakini casefold() hainigharimu kitu.

Majina ya orodha nayageuza mara moja tu na kuyaweka kwenye kamusi ya Python (dict, inayooanisha kila ufunguo na thamani yake) kama funguo, thamani ikiwa jina lenyewe litakavyotoka kwenye risiti. Alichoandika karani kinapitia strip().casefold() (strip() huondoa nafasi tupu za mwanzoni na mwishoni), ndipo kinatafutwa.

Kilichonipa kazi ni Lang'ata. Simu nyingine huweka ’ iliyopinda badala ya ' iliyonyooka, na casefold() haigusi alama hizo kamwe. Nikaongeza replace("’", "'") pande zote mbili. Na wanaoandika Langata bila alama yoyote? Hao nimewawekea ufunguo wao, unaoelekeza kituo kilekile.