Jumamosi za Hyde Road

Jumanne, saa nane usiku. Usingizi umenipaa, basi bora niandike.

Koti langu limejaa vumbi jekundu mabegani. Nimelitundika nyuma ya mlango na sina haraka ya kulifua.

Nianze na chupa ya mafuta ya nyonyo, maana ndiyo iliyonifikisha huko nilikotoka leo. Bibi ninayemhudumia (namwita Bibi hapa tu, kule kwenye nyumba ya wazee namwita kwa jina lake, ndivyo anavyopenda) amezaliwa Gorton, mashariki mwa Manchester, mwaka 1948. Baba yake alikuwa fundi kwenye karakana ya vichwa vya treni palepale Gorton. Kila Jumamosi jioni, msimu ukiwa umeanza, baba alimshika mkono wakaenda Belle Vue, uwanja wa Hyde Road, kutazama spidiwei, mbio za pikipiki. Siku zangu za mwanzo naye nilimwuliza anakumbuka nini zaidi. Nilitegemea atanitajia mtu. Akasema, "Harufu."

Enzi zile walikuwa wakilainisha injini kwa mafuta yaliyotokana na nyonyo, na yalipoungua, moshi wake ulitanda uwanja mzima, ukaingia kwenye nywele na kwenye masweta. Mama yake alikuwa akilalamika kila Jumapili asubuhi.

Mimi nimekulia Tanga. Nyonyo naijua, bibi mzaa mama alitupaka kichwani mpaka tukang'aa kama mbegu zenyewe. Basi wiki ile nikapita duka la vipodozi Longsight, nikanunua chupa, nikampelekea. Nikafungua kizibo nikamsogezea puani. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena. Kisha akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, mwanangu. Mpaka yaungue."

Tangu siku hiyo hakuna zamu yangu iliyopita bila hadithi ya spidiwei.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: pikipiki nne, mizunguko minne, kwenye njia yenye umbo la yai iliyomwagwa changarawe laini, na siku zote wanazungukia kushoto. Mbio moja ni kama dakika nzima tu. Injini ni ya silinda moja, cc 500, inakunywa methanoli badala ya petroli. Gia ni moja. Breki hakuna. Kwenye kona mpanda pikipiki analiachia gurudumu la nyuma liteleze nje, usukani anaukata kulia ilhali anakwenda kushoto, na mguu wa kushoto uliovikwa kiatu cha chuma unaburuzika chini. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka mikono mitupu.

Niseme kweli, nilipoambiwa hakuna breki nilichukia. Kabla ya kuja huku nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, na wengi waliokuwa vitandani walikuwa vijana wa bodaboda. Najua mguu uliovunjika mahali pawili unavyonuka siku ya tatu. Nilimwambia Bibi sielewi mtu mzima anatoaje kiingilio kutazama jambo hilo. Hakukasirika. Akaniomba nimshushie sanduku lililo juu ya kabati.

Ndani mlikuwa na vijitabu vya ratiba za mbio, mamia, kimoja kwa kila Jumamosi. Kila ukurasa una viboksi vya kujazia pointi, na vyote vimejazwa kwa penseli. Vile vya mwanzo ni mwandiko wa baba yake, wa fundi, herufi zimenyooka kama msumari. Baadaye mwandiko unakuwa wa mtoto, namba 3 ameziandika nyuma mbele. Nilikaa sakafuni na kile kisanduku saa nzima. Kuna kurasa zenye alama ya kikombe cha chai. Kuna moja tone la mvua limefanya penseli itawanyike, na pembeni baba ameandika jina moja akalipigia mstari mara mbili: Craven.

Peter Craven alizaliwa Liverpool mwaka 1934. Alikuwa mdogo wa umbo, na pikipiki ikianza kurusha nyuma yeye alipanda nayo, akawa juu yake karibu amesimama, haanguki. Walimwita mchawi wa mizani. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1955 na tena 1962, mara zote mbili Wembley. Mwingereza mwingine kufikisha mataji mawili alikuja kuwa Tai Woffinden, mwaka 2015. Lakini Bibi hazungumzii mataji. Anazungumzia jinsi Craven alivyochelewa kwenye utepe wa kuanzia mbio. "Alikuwa akianza vibaya," ananiambia, na uso wake unachangamka, "halafu anaanza kuwatafuta mmojammoja. Hukuweza kukaa kitako."

Hapo ndipo tulipoanza kubishana, maana mimi nilishachagua mtu wangu, naye ni Ivan Mauger.

Mauger alikuja Uingereza kutoka New Zealand mwaka 1957, kijana wa miaka 17, akajaribu bahati yake kwenye timu ya Wimbledon. Haikumwendea. Akarudi kwao. Miaka ikapita, akaoa, akapata watoto, na mwaka 1963 akavuka tena bahari na familia yake, safari hii kwenda Newcastle. Mtu aliyewahi kuondoka kwao na sanduku moja, akashindwa, akarudi nyumbani akikutana na macho ya majirani, kisha akafunga tena sanduku lilelile, anajua kilichomo ndani ya hiyo safari ya pili. Mimi naijua. Ndiyo maana nilipofika kwenye orodha ya mabingwa, macho yangu yaliganda pale: 1968, 1969, 1970, 1972, 1977, 1979. Mataji sita. La kwanza alilipata akiwa na miaka 28, la mwisho akiwa na 39. Alipofikisha matatu mfululizo Wamarekani wakampaka pikipiki yake dhahabu.

Na alikimbia hapohapo Belle Vue! Kuanzia 1969 hadi 1972, na timu ikabeba ligi mara tatu mfululizo. Nilimwambia Bibi, mtu huyu kawapa ligi tatu, mnamnyimaje pendo?

"Hatukumnyima heshima," akanijibu. "Lakini Ivan alikuwa akishinda kabla hatujakaa."

Alimaanisha kuwa Mauger alikuwa bingwa wa kutoka kwenye utepe. Alijiandaa kuliko wote, utepe ukiruka yuko mbele, na aliyekuwa mbele katika mchezo ule mara nyingi alibaki mbele. Kwa Bibi hiyo ni kazi nzuri, kama kazi ya baba yake karakanani. Kwa Craven alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Peter Collins naye alimpenda hivyo, kijana wa palepale, aliyepita nje kabisa karibu na uzio, bingwa wa 1976. Mwaka uliofuata alikwenda Gothenburg na mguu uliovunjika akashika nafasi ya pili nyuma ya Mauger. (Kwa habari hii muuguzi ndani yangu alipiga kelele za aina nyingine.) Hata Mark Loram, aliyekuja miaka mingi baadaye, Bibi anamweka juu ya walio na mataji mengi. Loram alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2000 bila kushinda hata raundi moja ya msimu ule, ila kila mtu alijua akiwa wa mwisho ndiyo kwanza mbio zinaanza.

Ubishi wetu ulimfikia dada tunayefanya naye zamu, Mpoland kutoka Leszno. Huko kwao spidiwei ni kama mpira wa miguu kwetu, na aliposikia jina la Mauger akaweka chini trei ya dawa.

"Szczakiel," akasema. Jina hilo tu.

Tarehe 2 Septemba 1973, fainali ya dunia ilikuwa Chorzów, Poland, uwanja umefurika. Jerzy Szczakiel wa Opole na Ivan Mauger walimaliza wakiwa na pointi 13 kila mmoja. Ikabidi wakimbie wawili peke yao. Szczakiel akatangulia. Mauger akajaribu kumpita, akamgusa kwa nyuma, akaanguka. Szczakiel akamaliza mizunguko akiwa peke yake, Mpoland wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Wa pili, Tomasz Gollob, alipatikana mwaka 2010. Miaka 37.

Na dunia ikasema kabahatisha. Mpaka leo ukimtaja, mtu atakwambia bingwa wa bahati, Mauger angesimama ingekuwa hadithi nyingine. Dada yule hasira zilimpanda kana kwamba alikuwapo, na hata kuzaliwa alikuwa bado. Baba yake ndiye aliyekuwapo jukwaani. "Aliyeanguka alikuwa nyuma," akaniambia. "Aliyekuwa mbele alikuwa nani?" Akanikumbusha pia kuwa mwaka 1971, Rybnik, Szczakiel na Andrzej Wyglenda walichukua ubingwa wa dunia wa wawili wawili kwa pointi 30, yaani zote zilizokuwa zikipatikana. Mtu wa namna hiyo anabahatishaje?

Nililala nikiwaza. Nilikuwa nimeisoma fainali ile kwa macho ya Mauger, nikamwonea huruma pale chini kwenye changarawe, na wala sikuuliza habari za yule aliyeendelea kukimbia bila mtu nyuma yake. Kesho yake nilimwomba radhi dada yule. Szczakiel alifariki mwaka 2020. Nadhani mchezo ule ulimkosea, na ni vizuri kusema hivyo hata kama anayesema ni mwanamke wa Tanga asiyejua kuwasha pikipiki. Mauger mwenyewe alirudi Chorzów mwaka 1979, uwanja uleule, na ndiko alikochukua taji la sita. Nimewapenda wote wawili, na dada wa Leszno amekubali, kwa shingo upande, kwamba inawezekana.

Kuna kijitabu kimoja kwenye lile sanduku ambacho sikukiuliza kwa muda mrefu. Ni cha mwisho mwisho wa msimu wa 1963. Viboksi vyake ni vitupu. Hakuna alama hata moja ya penseli.

Alinisimulia mwenyewe siku moja ya mvua, wakati namfunga kifundo. Ijumaa tarehe 20 Septemba 1963 Craven alikuwa amekwenda Edinburgh, uwanja wa Meadowbank. George Hunter, Mskoti, akaanguka mbele yake. Sasa kumbuka nilivyosema: breki hakuna. Huwezi kusimama. Unachoweza ni kumpitia juu aliyeanguka, au kukata usukani uende unakokwenda. Craven alikata. Akaenda kwenye uzio. Alifariki siku nne baadaye, akiwa na miaka 29. Hunter aliishi, akaendelea kukimbia miaka mingi.

Bibi alikuwa na miaka 15. Baba yake alikwenda uwanjani Jumamosi moja baada ya hapo, akanunua kijitabu kama kawaida, akakaa nacho magotini mpaka mbio zikaisha. Hakuandika kitu. "Penseli alikuwa nayo mfukoni," Bibi alisema. "Niliiona."

Nilimaliza kufunga bendeji, nikafungua, nikafunga upya. Miaka yote wodini nilikuwa nikiuliza nani alimgonga nani. Sikuwahi kuuliza nani alikwepa.

Hyde Road haipo tena. Waliuuza uwanja, mbio za mwisho zikawa mwaka 1987, na pale sasa ni mnada wa magari. Nimepita na basi mara nyingi, huoni dalili yoyote. Belle Vue wenyewe wapo, wanakimbia karibu na hapo, Kirkmanshulme Lane, kwenye uwanja mpya uliofunguliwa mwaka 2016. Siku yao ni Jumatatu. Jana ilikuwa Jumatatu.

Ilinichukua wiki tatu kupata kibali na gari lenye mahali pa kiti cha magurudumu. Dada wa Leszno alikuja siku yake ya mapumziko, na skafu shingoni. Tulimfunika Bibi blanketi mbili, tukamweka karibu na kona ya kwanza, kijitabu magotini, penseli mkononi. Uzio siku hizi kwenye kona umejazwa upepo kama godoro. Niliuangalia huo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye mbio ya tatu au ya nne kijana mmoja wa wageni, kofia ya njano, aliachwa kwenye utepe. Wa mwisho kabisa. Bibi akaacha kuandika. Mzunguko wa pili yule kijana akatoka nje, kule ambako changarawe ni nene na wengine hawaendi, akampita mmoja. Mzunguko wa tatu akampita wa pili. Alipopita mbele yetu gurudumu lake la nyuma lilitumwagia kokoto kama mtu anayepepeta mchele, na dada wa Leszno akapiga yowe la Kipolandi sikioni mwangu. Alimaliza wa pili. Alikuwa mpinzani, na Bibi alimpigia makofi mpaka blanketi likaanguka.

Niliinama kuliokota, nikaona uso wake una chembe nyekundu, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya pembeni mwa macho, moja iko mdomoni. Nikatoa kitambaa nimfute.

Akanishika mkono. "Acha kwanza," akasema.