Kijani chini ya kidevu cha bibi harusi: jinsi nilivyotatua

Kama bibi harusi unayempiga picha anatoka na rangi ya kijani chini ya kidevu na shingoni, huku paji la uso likiwa sawa, huenda hili litakufaa.

Tulikuwa Lamu mjini, ndani ya ua wa nyumba ya mawe, alasiri. Yeye kivulini, jua miguuni pake. Nilibadilisha mizani ya weupe kwenye kamera (white balance, mpangilio unaorekebisha rangi ya picha): kijani kikapungua, paji likawa la waridi. Lenzi nyingine, hola. Kiakisi cha dhahabu, kile cha kumrudishia mtu mwanga, kikaongeza manjano tu.

Kilichonisaidia ni kutazama chini. Busati la kijani lilikuwa limetandikwa ili gauni lisichafuke, na nusu yake ilikuwa juani. Mwanga ukigonga kitu chenye rangi hurudi na rangi hiyo; huu ulirudi kutoka chini, ndiyo maana ulishika kidevu na kuliacha paji. Mizani ya weupe hugeuza picha nzima, haitibu sehemu moja ya uso.

Tukaliondoa busati, tukatandika shuka jeupe palepale juani. Kidevu kikatakata, macho yakapata nuru, hata hina mikononi ikaonyesha wekundu wake. Chagua shuka kuukuu: mengi mapya yana dawa ya kung'arisha inayotoa ubuluu juani.

Picha za mwanzo nilizifungua kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, zikiwa faili za RAW, yaani ghafi kutoka kwenye kamera. Nilipaka brashi kidevuni na shingoni tu, nikasogeza rangi kidogo kuelekea waridi, nikapunguza ukolezi wa rangi. Brashi isiguse shela. Weupe wake hugeuka waridi upesi sana.