Chati za karatasi msimu wa kusi

Kusi limeingia na masika haijaisha vizuri, kwa hiyo ndani ya boti kila kitu kina unyevu, godoro, mkate, kibiriti, na chati pia, yaani ramani za bahari. Kuna watu hunicheka eti bado nabeba makaratasi na simu ina ramani. Haya, kaa nje kwenye usukani mvua inakupiga, vidole vimejaa chumvi, ujaribu kuvuta ramani kwa tableti uone, inaruka yenyewe inakupeleka Zanzibar na wewe uko Nyali. Jua nalo likitoka inachemka mpaka inajizima. Karatasi hata ikirowa utaisoma.

Ila watu wengi wanaogopa maji, kumbe mbaya wetu ni chumvi. Chati ikirowa maji ya mvua unaitandaza, unaigandamiza na leso kuukuu ya pamba (zile za polista hazinyonyi kitu), usisugue, halafu unaiacha kwenye upepo kivulini, basi. Lakini ikimwagikiwa maji ya bahari utaianika wee, ikauke kabisa, na usiku hewa ikiwa nzito inalegea tena, manake chumvi imebaki ndani na inavuta maji hewani, kama vile ng'onda anavyotoa maji wakati wa masika na alishakauka juani. Kwa hiyo ya maji ya bahari isuuze kwa maji matamu kwanza ndio uikaushe. Ile iliyochapwa kwa printa ya wino jaribu kipembe kidogo kabla, isije ikachuja yote.

Na hayo maji mara nyingi hayatoki baharini moja kwa moja, yanatoka kwa mtu. Baharia anashuka chini na koti la mvua, anainama kuangalia tuko wapi, tayari kola inadondokea kwenye meza. Au jasho, joto letu hili la Mombasa mkono ukilala kwenye chati unaacha alama yake. Mimi naweka kitaulo chini ya mkono na koti linabaki mlangoni, hata ukiwa mgeni wa heshima.

Jamaa mmoja aliniambia karatasi ikinyonya unyevu inatanuka, tena upande mmoja zaidi ya mwingine kwa vile nyuzi zake zimelalia upande mmoja, kwa hiyo vipimo vyote vya uongo. Kutanuka ni kweli, lakini dakika moja ya latitudo ndio maili moja ya bahari, na hicho kipimo kiko ubavuni mwa chati hiyo hiyo, kinatanuka nayo. Ukifungua bikari ukapimia hapo ubavuni, usawa wa mahali ulipo, kosa litakalobaki halikuzuii kufika Kilifi. Mimi naogopa mikunjo zaidi. Mkunjo ukirowa ndio unapochanika, na kwa pwani hii yenye mwamba unaofuatana na ufuo, sitaki namba ya kina ipotee hapo.

Penseli ni 2B, ile laini, nyingine wacha nyumbani. Ngumu inachimba karatasi iliyolegea, na kalamu ya wino inagoma au inatapakaa. Kufuta subiri ikauke, ukifuta mbichi unang'oa na rangi.

Kuhifadhi, mimi nalaza bapa chini ya godoro, katikati ya vipande viwili vya ile plastiki nene inayoona ya kufunikia meza, inauzwa kwa mita mjini. Pembeni naacha wazi makusudi. Ukiziba kabisa na karatasi ina unyevu unafuga ukungu humo ndani, utafungua utakuta madoa meusi na harufu.

Kuzitunza ni lazima siku hizi. Idara ya ramani za bahari ya Uingereza ilitangaza 2022 kwamba itaacha kuchapa za karatasi, ikataja 2026, halafu ikasogeza mpaka angalau 2030. Wazee wa majahazi wa Bandari ya Kale nikiwaambia hivi wanashangaa nababaika nini, wao njia iko kichwani, lakini mimi kichwa changu si cha kuaminika hivo.

Chati ya bandari ya Kilindini peke yake ndio nimeipiga lamineti. Naichorea na kalamu ya nta, nafuta na kitambaa, manake ile meli ya makontena ikiwa inaingia mlangoni haikusubiri wewe ufungue plastiki.