Mradi wangu: mahojiano ya tasnifu na riwaya, apdeti ya mwezi huu

Kwa wapya, mradi wenyewe ni mdogo tu. Nafanya masta pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, data nakusanya soko la samaki Feri kwa kina mama wanaonunua mnadani, wakakaanga na kuuza, na nilijiwekea kwamba mpaka nitoke fildi nisiache kusoma riwaya kwa raha zangu. Raha jamani, sio makala za sura ya pili ya tasnifu, ile ya kupitia waliyoandika wengine.

Vibali vimeisha hatimaye. Barua ya chuo ikapanda mkoani, ikashuka wilayani, halafu kata, halafu mtaa, kila meza na muhuri wake na kila meza na benchi lake la kusubiria, na kwa msomaji hicho ndo kipindi cha neema kabisa, nimesoma kwenye hayo mabenchi kuliko likizo nzima. Anayeanza kufuatilia vibali abebe kitabu kinene, asijidanganye na kajarida.

Fildi sasa ni habari nyingine. Mnada unaanza alfajiri, mama akishanunua yuko kwenye kuparua na kukaanga, kwahiyo unabakiwa na kale kamuda kabla wateja wa mchana hawajaanza kumiminika, na hapo napo unaambiwa "subiri mwanangu nigeuze hili karai kwanza". Unakalia ndoo, unasubiri. Nilidhani hapo ndo pa kusoma kumbe hapana, huwezi kufungua riwaya mbele ya mtu mzima unayemuomba muda wake, utaonekana umekuja kupunga upepo. Halafu kwakweli maneno matamu yote yanatoka kipindi hicho, kabla hujawasha rekoda, nani kashindwa rejesho la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, dalali gani anapendelea watu wake. Rekoda ikiwashwa tu kila mtu anaongea kama yuko taarifa ya habari. Kwahiyo sokoni kitabu marufuku, kinabaki begini.

Sehemu niliyoipata ni mwendokasi ya kurudi. Asubuhi dunia nzima inaingia mjini imebanana, mimi natoka Kivukoni kuelekea Ubungo na siti zipo, dirishani kabisa, nanuka samaki hakuna hata anayetaka kukaa karibu. Hapo nasoma vizuri sana.

Kinachoua usomaji sio muda ila kuandika rekodi neno kwa neno. Saa 1 ya mazungumzo inakula saa 4 au zaidi, na zangu zina mafuta yanayochemka na watu wananadi samaki aina ya changu kwa nyuma, ndo usiseme. Ukitoka hapo ukishika riwaya kichwa bado kinabandika lebo, mhusika akilalamika kodi ya nyumba unasikia "gharama za maisha", akigombana na mumewe "maamuzi ya kaya". Ndo maana nimeiweka pembeni Kuli ya Adam Shafi, ile ya 1979. Sio mbaya hata kidogo, ni nzuri mno, ila wapagazi wa bandari ya Zanzibar, ujira mdogo, mgomo wa 1948, yani kila ukurasa nawaza hii inaingia sura ya 2. Rafiki yangu wa sosholojia anasema riwaya ya hivo ndo inanoa sikio la mtafiti, sawa, linoe, lakini hapo itakua kazi na mimi nilisema raha. Sheria mpya: wakati wa fildi nasoma kitu kisicho na soko, bandari wala mkopo, na siku ya kuandika rekodi sigusi kitabu, nasikiliza taarabu nalala.

Supavaiza nilimpelekea ile makala ya Guest na wenzake ya 2006, waliohoji wanawake 60 Ghana na Nigeria wakaona mambo mengi yalishajitokeza kwenye mahojiano 12 ya mwanzo, nikitumaini na mimi hayo yanatosha. Akacheka, akasema wale walikua kundi linalofanana, hawa wa kwako hawafanani, rudi sokoni. Ana hoja, wa kukaanga na wa dagaa mambo yao mbalimbali kabisa.

Kwahiyo kinachofuata ni wa upande wa Kigamboni. Pantoni inavuka haraka, hata ukurasa hauishi, kule naenda mikono mitupu. Ila kwa mwendokasi nimeishiwa, mwenye riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ambayo marehemu hakua mfanyabiashara anitajie.