Walker si "mtembeaji"

Wengi hulitafsiri Walker, jina la ukoo la Kiingereza, kuwa mtembeaji. Sivyo. Lilikuwa jina la kazi: mtu aliyekanyaga vitambaa vya sufu vilivyotoka kufumwa. Aliviloweka katika hori lenye maji na mkojo uliochacha, kwa kuwa amonia yake huondoa mafuta ya kondoo, kisha akavikanyaga kwa saa nyingi hadi nyuzi zishikamane. Akizidisha, kitambaa husinyaa na kukakamaa. Baadaye kilitandazwa kwenye fremu zenye kulabu kikauke.

Kuanzia karne ya 12, nyundo za vinu vya maji zilichukua nafasi ya miguu. Jina likabaki, hasa kaskazini mwa Uingereza. Kusini-mashariki fundi huyohuyo aliitwa Fuller, na kusini-magharibi Tucker. Marekani, sensa ya 2010 iliweka Walker miongoni mwa majina 40 ya ukoo yenye watu wengi zaidi.